Starehe haikuanzishwa na mzungu peke yake

Mhariri,

Kila Januari, barua za kujiunga na shule za upili zikishatoka, sisi mafundi wa Kamukunji hatupati usingizi. Wazazi humiminika kutafuta masanduku ya bati. Kazi yangu ni kukata bati, kukunja kingo, kutia bawaba na komeo, na mteja akitaka, kuandika jina la mtoto kwa rangi juu ya kifuniko. Msimu uliopita alikuja baba mmoja na mwanawe aliyekuwa ameitwa Starehe, ile shule ya wavulana ya hapa Nairobi. Alimwambia kijana amshukuru Mungu, na baada ya Mungu amshukuru “yule mzungu”, kwani pasipo yeye shule hiyo isingekuwapo. Nilinyamaza, maana mteja ni mteja, na bei tulikuwa hatujakubaliana. Nimeona jibu langu nililete kwako.

Mzungu huyo ni Geoffrey Griffin, mzaliwa wa Eldoret, na sina nia ya kumpunguzia sifa. Aliiongoza Starehe tangu 1959 hadi alipofariki Juni 2005, na kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa pia mkuu wa Huduma ya Vijana kwa Taifa. Lakini waanzilishi walikuwa watatu. Hao wengine wawili ni Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, na wote wawili walikuwa wamepitia Wamumu.

Wenye umri wa mwanangu wakisikia Wamumu hawaelewi. Mkoloni alitangaza hali ya hatari Oktoba 1952. Aprili 1954 ukaja msako mkubwa hapa Nairobi, uliozoa watu kwa maelfu, na ndani ya zoazoa hilo mlikuwa na wavulana ambao ndevu zilikuwa hazijaota. Wakajikuta katika kambi ya kizuizi ya Manyani, kule njia ya Mombasa, nyuma ya seng’enge pamoja na watu wazima. Mwaka 1955 wengi wao wakahamishiwa Wamumu, kwenye nyanda za Mwea, kambi ya vijana watupu. Huko walifundishwa kusoma, useremala, uashi, ushonaji na gwaride. Sitaki kuipamba kambi hiyo. Ilikuwa ya mkoloni, na shabaha yake ilikuwa kuwatoa vijana Mau Mau vichwani. Hakuna aliyeomba kwenda. Griffin alikuwa afisa huko, na huko ndiko walikokutana.

Geturo na Gikubu wangetoka pale wakaapa kwamba kengele ya bweni hawataisikia tena maishani, ni nani angewalaumu? Badala yake walikuja Nairobi, mji uliokuwa umejaa watoto ambao baba zao walikuwa vizuizini au wameuawa, wakilala vichochoroni, na Novemba 1959 wakasimama na Griffin kuwafungulia mahali pa kulala na kusoma. Walianza na vibanda viwili vya mabati vilivyotolewa na kampuni za mafuta za Shell na BP. (Mabati ndiyo lugha yangu, mnisamehe nikiyataja kwa fahari.) Kilichofuata kila mtu anakijua, na wengi wanaweza kukuimbia ile kaulimbiu ya shule, “Natulenge Juu”. Griffin alipozikwa, Gikubu alikuwa bado hai, na bado alikuwa mtu wa Starehe. Maisha yake yote ya utu uzima aliyamalizia kwa wavulana wa watu wengine.

Mimi sikusoma Starehe. Nililelewa katika makao ya watoto upande huu huu wa Mashariki ya jiji, na jina la makao nitalihifadhi kwa sababu nitakayoisema. Pale tulikuwa na mlezi wa bweni ambaye naye aliletwa akiwa mtoto, ametolewa mitaani, akakulia pale pale, akajifunza kupika jikoni kwao, na alipotimiza umri wa kuondoka akaomba abaki.

Mtoto aliyetoka kulala nje haachi kuficha chakula. Unampa ugali mezani, anakula nusu, nusu inaingia shatini, na usiku inakuwa chini ya mto. Walezi wengine, wenye vyeti vyao, waliita huo wizi, wakachapa. Huyu wetu hakuchapa wala hakuhubiri. Alimpa kila mgeni kopo tupu la mafuta ya Kimbo lenye kifuniko, akamwambia, “Weka humu, panya wasikuonje vidole.” Nami nilipewa langu. Hakutuambia tuache. Kila mmoja aliacha siku yake, kopo likageuka la kuwekea gololi.

Halafu kulikuwa na suala la vikojozi, na pale walikuwa wengi, wengine wameshabaleghe. Jumamosi alikuwa akitoa magodoro yote nje juani, makavu kwa mabichi, bweni zima, pamoja na lake mwenyewe. Hakuna aliyeweza kujua la nani ni lipi. Niliwahi kumuuliza, nikiwa tayari mtu mzima, ni nani aliyemfundisha. Akacheka tu. Nadhani alikumbuka la kwake lilivyokuwa likianikwa peke yake.

Mwaka jana makao yaliamua kwamba kila mlezi lazima awe na diploma. Mzee wetu hakufika sekondari. Miaka yote hiyo alikuwa amelipwa kama kibarua, hana malipo ya uzeeni, hana barua yoyote ya ajira. Walimfanyia karamu ya kuagana, wakampa blanketi na saa ya ukutani.

Sisemi vyeti ni upuuzi. Mlezi asiyejua sheria anaweza kumdhuru mtoto, na tumesikia mengi mabaya yaliyotendwa na watu “wenye moyo”. Wakaguliwe, wafunzwe, wachunguzwe polisi, hata huyu mzee wetu. Lakini diploma inamfunza mtu kuhusu mtoto wa makao. Haimfanyi awe amewahi kuwa mmoja. Bodi iliyo na busara ingetafuta wote wawili na kuwaweka bweni moja. Griffin angeweza kuajiri wahitimu wa vyuo. Alikwenda na vijana wa Wamumu.

Jambo hili lina haraka. Serikali ilizindua mkakati wa mwaka 2022 hadi 2032 wa kuwatoa watoto makaoni na kuwarudisha kwa jamaa zao au familia za kuwalea. Naunga mkono, mtoto kwao ni nyumbani. Ila mtoto akisharudishwa kwa shangazi asiyemjua, nani atamtembelea miezi mitatu baadaye, wakati shangazi ameanza kulalamika kwamba mtoto huyu anaficha chapati? Natumaini Idara ya Huduma za Watoto, inapotafuta watu wa kazi hiyo, itawaangalia pia waliokulia makaoni, iwalipe mshahara kamili na kuwapa mafunzo wakiwa kazini. Tuko wengi mjini. Wengi wetu huonekana Desemba tu, tukipeleka bandali za unga na kupigwa picha tukiwa tumevaa fulana za kufanana. Nami nimo katika hizo picha.

Bodi ya makao yetu itakutana mwezi ujao. Nimesikia mlezi mpya, kijana mwenye diploma yake safi, ameomba apewe mtu wa kumsaidia zamu ya usiku, na kwa hilo namheshimu. Ndiyo maana sijayataja makao kwa jina: nataka wapate nafasi ya kumrudisha mzee bila ya kuonekana wameshurutishwa na gazeti. Anaishi Korogocho, afya anayo, na namba yake ya simu wanayo.

Fundi masanduku,
Kamukunji, Nairobi