Barua kwa mwanangu: safari ya Wasini ipangwe kuanzia siku ya kurudi

South C, Nairobi

Mwanangu Baraka,

Hujambo? Nimeusoma mpango wa safari yenu ya kisiwa cha Wasini, pwani ya kusini: watu wanane, mbizi sita, treni kwenda na kurudi. Nakuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu kwenye simu utanikatiza kabla sijafika penye shida, na shida yenyewe iko mstari wa mwisho kabisa: Jumapili asubuhi mbizi, Jumapili alasiri treni. Huo ufute. Mengine tunaweza kujadiliana.

Tatizo ni Nairobi yenyewe. Mji huu uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ndege kubwa ya abiria, hata ikiruka juu ya mawingu, hewa ya ndani huwekwa kana kwamba abiria wako mita 1,800 hadi 2,400. Kwa hiyo mwili unaotoka stesheni ya Miritini, Mombasa, ukashukia stesheni ya Syokimau, Nairobi, hauoni tofauti kubwa na mwili uliopanda ndege. Watu husikia kwamba haifai kupanda ndege baada ya kupiga mbizi, wakachagua treni au basi wakidhani wamelikwepa jambo lenyewe. Hawajalikwepa. Ukifika Emali tu umeshapita mita 1,000.

Usawa wa bahari presha ya hewa ni baa 1. Ukishuka mita 10 inakuwa baa 2, mita 20 baa 3, mita 30 baa 4. Naitrojeni, ambayo ni kama asilimia 78 ya hewa tunayovuta, mwili hauna kazi nayo, basi huyeyuka ndani ya damu na mafuta kadiri unavyozidi kushuka na kadiri unavyokawia huko. Ukipanda polepole hutoka kupitia mapafuni, lakini haitoki yote. Inayobaki huchukua saa nyingi kwisha, na mbizi ya pili huongeza juu ya ile ya kwanza. Ukiwa Shimoni, gatini usawa wa bahari, baa 1 inatosha kuituliza kiasi hicho kilichobaki. Nairobi presha ni kama baa 0.83 tu, na naitrojeni ambayo ingetoka taratibu inaweza kufanya viputo kwenye viungo, kwenye ngozi, na pabaya zaidi, kwenye uti wa mgongo.

DAN, shirika linaloshughulikia usalama wa wapiga mbizi, linashauri kusubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja, na angalau saa 18 baada ya mbizi za siku kadhaa. Mwongozo huo unahusu kupanda hadi kati ya mita 600 na 2,400, na Nairobi imo humo. Kwa kundi lenu mimi nasema saa 24. Saa sita za ziada ni gharama ya chakula kimoja cha mchana, na kati ya watu wanane hakosi mmoja aliyeshuka zaidi ya wenzake akanyamaza.

Basi mbizi ya mwisho iwe Jumamosi, na kila mtu awe ameshatoka majini saa sita mchana. Jumapili asubuhi tembeeni kwenye matumbawe makavu nyuma ya kijiji cha Wasini, pana njia ya mbao inayopita juu ya mikoko, au mvuke mwende mapango ya Shimoni. Msijipitishe Shimba Hills Jumamosi jioni kutafuta ndovu. Pale ni kama mita 400, na kwa aliyetoka majini mchana huo huo, ni mapema. Kutoka Shimoni hadi Miritini siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu, hamna haja ya kupigana na foleni ya feri ya Likoni. Hata hivyo tokeni mapema.

Dalili uwaeleze wote kabla hamjaondoka, si baadaye: maumivu ya bega, kiwiko au goti yasiyobadilika hata ukilisogeza, ganzi au kuwashwa kama sindano, ngozi yenye mabaka, kizunguzungu, uchovu usioendana na kazi uliyofanya, kushindwa kukojoa. Nyingi hujitokeza ndani ya saa chache za mwanzo, chache hufika hadi siku ya pili. Mtu wa Nairobi husema ni uchovu wa safari akameza panadol akalala. Asiachiwe. Alazwe chali, apewe oksijeni safi, anywe maji kama hana kichefuchefu, na simu ipigwe kwa daktari wa wapiga mbizi kupitia bima. Akianza kusikia ganzi mkiwa Voi, safari ya kupanda imekoma hapo hapo. Tafuteni hospitali na mrudi chini, kwa maana kila mita mnayopanda inamwongezea. Wala asirudishwe majini ati akajitibu huko.

Sasa oksijeni. Kabla hujalipa hata shilingi moja ya malipo ya awali, muulize mwenye mashua ana mtungi wa oksijeni wa lita ngapi na umejazwa baa ngapi. Usiridhike na jibu la "ipo." Zidisha lita kwa baa, kisha gawanya kwa 15, ambazo ndizo lita anazotumia mgonjwa kwa dakika. Mtungi wa lita 2 wenye baa 150 ni lita 300, yaani dakika 20. Kutoka hifadhi ya bahari ya Kisite, mtakakopiga mbizi, hadi gati la Shimoni hamtafika kwa dakika 20, sembuse Mombasa. Muulize pia kama nahodha hubaki chomboni watu wakiwa chini, kama kuna ngazi ya kupandia, kama redio au simu hushika kule, na kiongozi mmoja hushuka na watu wangapi. Wanne ndio mwisho wangu. Anayekasirika kuulizwa, mwache.

Tarehe mlizochagua za Februari ni nzuri, kaskazi inakuwa inalegea na maji huwa safi. Ila hamkutazama mwezi. Mwandamo na mpevu huleta bamvua, na siku moja au mbili baada yake ndipo maji hujaa na kupwa kwa nguvu zaidi. Pwani yetu tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua inaweza kukaribia mita 4, na maji yote hayo hupita kwenye milango ileile baina ya visiwa na miamba. Mgeni anayepigana na mkondo hupumua mara mbili ya kawaida na mtungi unaisha nusu ya muda. Sogezeni safari kidogo iangukie maji mafu, mwezi ukiwa nusu. Ikishindikana, mshuke wakati maji yametulia kati ya kujaa na kupwa, na saa hiyo nahodha wa Wasini ataijua kuliko programu yoyote ya simu.

Kuhusu uzito. Wewe na wenzako wanne mlijifunza kwenye kidimbwi hapa Nairobi. Maji ya bahari ni mazito kuliko ya kidimbwi kwa kama asilimia 2.5, kwa hiyo mtu ambaye pamoja na vifaa ana kilo 80 ataongeza chubwi za risasi za kilo 2 hivi ili azame vilevile. Akivaa suti nene kuliko ya kidimbwini, zaidi. Lakini msikisie. Siku ya kwanza, mahali penye kina kifupi, kila mtu ajipime: jaketi la kuelea bila hewa, regyuleta (kifaa cha kuvutia hewa ya mtungi) mdomoni, pumzi ya kawaida ameishika, asimame wima bila kupiga miguu. Maji yawe usawa wa macho. Akitoa pumzi, ashuke taratibu. Kipimo hiki ni cha mtungi uliobaki baa 50. Kikifanywa na mtungi uliojaa, ongeza kilo 2, kwa sababu hewa iliyomo ina uzito wake na ikiisha mtungi wa alumini huanza kuelea. Asiyeongeza atashindwa kutulia mita 5 mwishoni, atavutwa juu akiwa bado anahitaji kusimama. Anayezidisha naye atakuwa anajaza jaketi hewa na kuitoa mbizi nzima, huku magoti yakivunja matumbawe. Viongozi wengi huwapa wageni chubwi nyingi makusudi ili washuke haraka. Kataa kwa adabu.

Masikio ndiyo yatakayowaharibia siku wengi wenu. Presha hubadilika zaidi kwenye mita 10 za kwanza, inakuwa maradufu, na hapo ndipo watu hukimbilia chini. Bana pua upulize taratibu kabla hujashuka, kisha kila mita moja, kabla ya maumivu kuanza. Yakishaanza mlango wa ndani umejifunga, na kupuliza kwa nguvu ndiko kunakopasua. Panda mita moja, jaribu tena. Kamba ya kushukia isaidie, miguu chini, kichwa juu. Mwenye mafua hapigi mbizi, na dawa ya kufungua pua haimpi ruhusa: nguvu yake ikiisha akiwa chini, hewa iliyomo haina pa kutokea wakati wa kupanda.

Hewa hesabuni kwa watu, si kwa saa. Mtungi wa lita 11 wenye baa 200 ni lita 2,200. Toa baa 50 za akiba, unabaki na lita 1,650. Mtu anayetumia lita 20 kwa dakika akiwa nchi kavu, mita 18 anatumia 56, kwa hiyo ana dakika 29. Wa lita 15 ana dakika 39. Ukiwaunganisha hao wawili, mmoja atakasirika na mwingine ataona haya kusema hewa imepungua, na haya hiyo ndiyo mbaya. Wapange wawili wawili kwa matumizi yao baada ya mbizi ya kwanza, hata kama itamtenga mtu na mchumba wake. Kwenye baa 100 kila mmoja amwonyeshe mwenzake, wageuke. Kina ni cha mwenye cheti cha chini kuliko wote, na kwenu ni mita 18. Wale wawili wenye cheti cha mita 30 wakitaka zaidi, washuke na kiongozi wao peke yao.

Kila mtu awe na kompyuta yake ya mbizi mkononi, ile inayohesabu kina na muda. Msishirikiane, kwani mita mbili za tofauti ni hesabu nyingine. Ikizimika betri, mwenyewe anakaa juu saa 24. Kupanda ni mita 9 kwa dakika au pungufu, kisha dakika 3 mita 5, huku mnapumua bila kukatiza. Usishike pumzi kamwe ukipanda: hewa iliyojaza mapafu mita 10, juu ya maji inataka nafasi mara mbili.

Kabla ya kuruka, fungua vali ya mtungi hadi mwisho na uache hivyo. Ule mtindo wa kuirudisha robo ndio unaofanya mtu afunge akidhani anafungua. Vuta pumzi tatu kwenye regyuleta ukitazama geji. Sindano ikicheza, vali haijafunguka. Hewa ikinuka mafuta, mtungi huo urudi. Ukisikia sauti ya hewa ikivuja shingoni, mara nyingi ni ule mpira wa duara umekauka au umeingia mchanga. Chukua mipira mitano ya akiba, pamoja na mkanda wa miwani na wa mapezi. Miwani mpya isuguliwe dawa ya meno kwa ndani usiku uliotangulia, la sivyo ukungu hautakwisha.

Mkipotezana chini, tafuteni kwa dakika moja, kisha pandeni mkutane juu. Mmoja wenu, si nahodha, awe na karatasi ya majina manane. Yaitwe kabla ya kuruka na baada ya kupanda, na kila mtu ajibu mwenyewe. "Yuko huko nyuma" si jibu.

Chakula na malazi sina neno. Maji ya kunywa bebeni mengi, Wasini maji matamu ni ya shida. Ada ya hifadhi ya Kisite lipeni mapema kwa eCitizen. Fomu ya afya msiijaze kwa pamoja mezani: mwenye pumu hataandika mbele ya wenzake. Kila mtu ajaze kwake, na atakayejibu ndiyo mahali popote aone daktari hapa Nairobi wiki mbili kabla, muda wa kubadilisha mpango ukiwepo.

Babako anasema tiketi za treni za Jumapili atazilipia yeye, mradi ni zile za alasiri na mbizi ya asubuhi imefutwa. Mtumie majina kamili na nambari za vitambulisho kufikia Jumatano, pamoja na jina la nahodha na nambari ya bima ya kila mmoja.

Mamako