Bei ya nyumba iliyokarabatiwa isipimwe kwa marumaru na jipsamu

Mhariri,

Katika kurasa za matangazo ya magazeti yetu, na midomoni mwa madalali kuanzia Tabata hadi Mbezi Beach, maneno "nyumba imekarabatiwa upya" sasa yanatosha yenyewe kupandisha bei. Nilifanya kazi ya ukadiriaji majenzi hadi nilipostaafu, na naomba nafasi nieleze kwa nini maneno hayo, yakiachwa bila maelezo, hayamwambii mnunuzi lolote kuhusu thamani ya kile anachotaka kukinunua.

Tatizo linaanzia pale fedha iliyotumika inapochukuliwa kuwa ndiyo thamani iliyoongezeka. Tuchukue mfano wa kubuni. Mtaani kuna nyumba tatu za vyumba vitatu, kwenye viwanja vinavyolingana, ambazo zimeuzwa hivi karibuni kwa takriban shilingi milioni 120 kila moja. Ya nne, ambayo ni rika lao, imepakwa rangi, imewekewa marumaru, dari za jipsamu na madirisha ya aluminiamu kwa jumla ya milioni 25, nayo inatangazwa kwa milioni 180. Muuzaji anataka milioni 60 juu ya majirani zake kwa kazi iliyomgharimu milioni 25. Hata hizo milioni 25 hazipaswi kurudi zote, kwa kuwa sehemu yake ni matengenezo ya kawaida ambayo kila mwenye nyumba hulazimika kuyafanya ili nyumba isishuke bei, na sehemu nyingine ni ladha yake mwenyewe, ambayo mnunuzi anaweza kuibandua mwaka huohuo. Mimi ningeijadili nyumba hiyo kati ya milioni 130 na 140, na ningekubali kusogea juu ikiwa tu fedha iliingia mahali pasipoonekana.

Mahali hapo ndipo penye hoja. Dari zenye taa za rangi zimekuwa kama sare ya nyumba zinazouzwa, lakini ni wanunuzi wachache wanaoomba ngazi wakatazame kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, zilizo juu ya dari hizo. Nyumba iliyobadilishiwa bati huku mbao zake zimeliwa na mchwa itahitaji kuezuliwa tena, na gharama hiyo ilipaswa kutolewa kwenye bei tangu mwanzo. Ndivyo ilivyo kwa umeme: nyaya za miaka mingi zilizobuniwa kwa ajili ya taa na redio, zikiongezewa viyoyozi na jiko la umeme bila kubadilishwa, hazikukarabatiwa kwa kuwekewa soketi mpya zinazong'aa. Vivyo hivyo shimo la maji taka linalojaa kila masika halibadiliki kwa sababu choo kimewekewa sinki la kisasa.

Kuta nazo zina mengi ya kusema, iwapo mtu atazitazama kabla skimu, ile lipu laini ya mwisho, na rangi hazijafunika kila kitu. Ufa mwembamba kama unywele kwenye lipu si jambo la kutisha, lakini ufa unaopanda mithili ya ngazi kwa kufuata maungio ya matofali huashiria msingi unaotitia, na kuuziba kwa saruji ni kuuficha tu. Katika maeneo yaliyo karibu na bahari, au yale ambayo maji ya ardhini hayako mbali, kama baadhi ya sehemu za Mikocheni, unyevu na chumvi hupanda ukutani na kuifanya rangi ivimbe na kubanduka. Nyumba iliyopakwa rangi wakati wa kiangazi na kuuzwa kabla ya mvua za vuli haijapata nafasi ya kuonyesha tabia yake. Asiye na haraka airudie mvua zikishanyesha. Mwenye haraka ampeleke fundi asiyefahamiana na muuzaji wala dalali.

Inasemekana, na ni kweli, kwamba bei ya haki hupatikana kwa kulinganisha na nyumba za jirani zilizokwisha kuuzwa. Shida ni kwamba kwetu taarifa hizo zimepotoshwa pande zote mbili. Kwenye mikataba baadhi ya watu huandika kiasi kidogo kuliko walicholipana ili kupunguza kodi, ilhali mitaani bei inayotajwa huwa na cha juu cha dalali, yaani kiasi anachojiongezea mwenyewe, ndani yake. Kwa hiyo mnunuzi asilinganishe tangazo na tangazo. Awatafute walionunua hapo mtaani, na aombe kuzungumza na mwenye nyumba ana kwa ana.

Ardhi iliyo chini ya nyumba haibadilishwi na ukarabati wowote. Nyumba yenye leseni ya makazi, ambayo ni kibali cha muda tu cha kukaa kwenye kiwanja, hailingani na yenye hati miliki, hata kama milango yote ni ya mninga, na upekuzi wa kumbukumbu za umiliki katika ofisi ya Msajili wa Hati unapaswa kutangulia mazungumzo ya bei. Mwaka 2017 nyumba zilivunjwa kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya, kupisha upanuzi wa barabara, na tingatinga halikuuliza ipi ilikuwa na marumaru mpya.

Muuzaji aliyekarabati kwa dhati hana haja ya kuogopa maswali haya. Akiwa ametunza risiti na picha za kazi ilivyokuwa ikiendelea, anaweza kuonyesha ni kipi kilibadilishwa, na risiti hizo zinamfaa yeye mwenyewe, kwa kuwa katika kukokotoa kodi ya faida ya mauzo gharama za kuboresha jengo huhesabiwa upande wake. Mnunuzi kwa upande wake amlipe mthamini aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016, ambaye atakadiria gharama ya kujenga jengo kama hilo, atatoa uchakavu, kisha ataongeza thamani ya kiwanja. Ada yake ni ndogo mno ikilinganishwa na hizo milioni 40 au 50 zinazobishaniwa.

Nawe, Mhariri, unaweza kutusaidia. Tangazo lolote linalodai kwamba nyumba imekarabatiwa litaje ni kitu gani kilichokarabatiwa, kama ni paa, umeme, mabomba au rangi tu, na mwaka kazi hiyo ilipofanyika. Nafasi inayohitajika haizidi mistari miwili.

Mkadiriaji majenzi mstaafu,
Tabata, Dar es Salaam