Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: sindano iliyo kabatini isisubiri majibu ya maabara

Mheshimiwa Waziri,

Ninakuandikia nikiwa mgonjwa ambaye tezi zake za adrenali, zile mbili ndogo zinazokaa juu ya figo, ziliharibiwa na kifua kikuu. Kwa zaidi ya mwaka mmoja nilikonda na kuishiwa nguvu, ufizi ukageuka mweusi, mikunjo ya viganja ikakolea kama iliyopitishwa wino, na mara nyingi mama alinikuta jikoni nikilamba chumvi. Niliambiwa ni malaria, kisha vidonda vya tumbo, kisha mawazo. Ngozi zetu ni nyeusi, hivyo mhudumu asipoangalia ndani ya kinywa hawezi kuliona badiliko hilo kwa urahisi.

Tezi hizi hutoa homoni ya kotisoli, ambayo hulinda shinikizo la damu na sukari mwili unaposhambuliwa na homa au jeraha, pamoja na aldosteroni, inayozifanya figo zisipoteze chumvi. Ndiyo maana niliitamani chumvi kama mjamzito anavyotamani udongo. Leo ninaishi kwa vidonge vya haidrokotisoni na fludrokotisoni, vinavyochukua nafasi ya homoni hizo mbili, ambavyo vyote vimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Mwaka jana nilishikwa na homa na kutapika hadi vidonge havikukaa tumboni, nikafikishwa hospitali sijiwezi. Dada yangu alionyesha cheti changu, akasihi nichomwe haidrokotisoni, akajibiwa kwamba vipimo vya damu vitangulie. Tulikaa kwenye benchi kwa muda wa saa nne, ilhali dawa hiyohiyo ilikuwa kabatini kwa ajili ya wagonjwa wa pumu. Simlaumu muuguzi, kwa kuwa hakuwa na mwongozo wowote wa kumpa ujasiri wa kuitoa.

Ninaomba, Mheshimiwa, wizara yako itoe waraka kwa hospitali na vituo vyote vya afya, kwamba mgonjwa anayejulikana kuwa na upungufu huu wa homoni za tezi za adrenali akifika anatapika au shinikizo limeshuka, achomwe miligramu 100 za haidrokotisoni na kutundikiwa dripu ya maji ya chumvi papo hapo, vipimo vifuate. Waraka huo uzifikie pia kliniki za kifua kikuu, kwa sababu rifampisini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, huharakisha kuvunjwa kwa kotisoli mwilini, na mgonjwa anayezidi kulegea baada ya kuanza dozi anastahili kuchunguzwa tezi hizi kabla hajaambiwa avumilie.

Wako mtiifu,
Mgonjwa, Morogoro