Wanaume wenye VVU waulizwe pia wanaishije

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako. Mimi ni fundi seremala, nina miaka 46, na huu ni mwaka wa 11 naishi na VVU.

Miaka mitano ya mwanzo hakuna aliyejua hali yangu ila wahudumu wa kliniki. Dawa nilizificha karakana, ndani ya kopo la misumari, na juu yake nikashindilia pamba ili vidonge visilie kopo likiguswa. Kila usiku ilibidi nitafute kisingizio cha kutoka nyumbani kurudi karakana. Nikikosa kisingizio, dozi inapita. Kliniki wakipima wingi wa virusi wanakuta viko juu, wananihimiza nimeze dawa vizuri, wananipa tarehe ya kurudi. Sikuwalaumu, maana nilikuwa naitikia tu na kuondoka.

Siku moja mdogo wangu, ambaye ninaishi naye, alifungua lile kopo akitafuta misumari ya inchi tatu. Alikuja akakaa karibu yangu akaniuliza, "Kaka, hizi zako?" Nikasema ndiyo. Nilisubiri anyanyuke aondoke. Akauliza, "Unameza saa ngapi?" Nikamjibu saa tatu usiku. Akatoa simu yake akatega kengele mbele yangu. Kengele hiyo inalia mpaka leo, na dawa zangu ziko kabatini, pale pale panapokaa dawa za familia nzima. Baada ya miezi sita kipimo kilirudi virusi havionekani. Dawa zilikuwa zile zile.

Nayaandika haya kwa sababu wanaume wengi wamekaa kama nilivyokaa. Mwanamke mara nyingi hupimwa anapohudhuria kliniki ya ujauzito. Mwanamume hana mlango kama huo, kwa hiyo wengi wetu hufika hospitali tukiwa tumeshadhoofika, ingawa tangu 2015 Shirika la Afya Duniani limeelekeza kila anayegundulika aanzishiwe dawa bila kusubiri augue. Na hata akishaanza dawa, mwanamume anajifunza upesi kunyamaza. Ataogopa kuonekana mnyonge mbele ya watoto na mbele ya wenzake kazini.

Sasa tuko wanaume wanne, tunakutana karakana kwangu Jumapili jioni. Mmoja wetu alikuwa amemwacha mchumba wake bila kumwambia sababu, akiamini akioa ataua mtu. Virusi vyake vilikuwa havionekani kwenye kipimo kwa miaka miwili. Hakujua kwamba mtu wa namna hiyo, akiendelea kumeza dawa, hamwambukizi mwenza wake kwa kujamiiana. Hili limethibitishwa na tafiti zilizofuatilia wenza ambao mmoja ana virusi na mwingine hana. Yeye alilisikia kwetu, amekaa juu ya benchi la kazi, akalia. Miaka miwili, Mhariri! Ilitosha mtu mmoja tu kumweleza.

Shirika hilo hilo la afya lina dodoso la maswali 31 kuhusu ubora wa maisha ya mtu mwenye VVU. Linagusa usingizi, uwezo wa kufanya kazi, marafiki, imani, hofu ya siku zijazo. Mimi katika miaka yote hii sijaulizwa hata moja. Nasikia wahudumu ni wachache na foleni ni ndefu, na foleni naiona kwa macho yangu. Basi siombi maswali yote 31. Naomba mwanamume aulizwe moja: nyumbani nani anajua? Akijibu hakuna, aelekezwe kwa wenzake waliopitia hali hiyo, au aambiwe tarehe ijayo anaweza kuja na mtu anayemwamini.

Swali hilo linaweza kuulizwa wakati mkono unafungwa mpira ili atolewe damu.

Msomaji wako,
Fundi seremala
(Jina limehifadhiwa)