Barua kuhusu HMS Goliath, manowari iliyoupiga mji wa Dar es Salaam

Dar es Salaam,
9 Agosti 2023

Mpendwa ndugu yangu Mussa,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe, shemeji na watoto huko Kilwa. Sisi huku hatujambo. Katika barua yako uliniuliza ni manowari gani iliyoupiga mji huu mizinga mwishoni mwa mwaka 1914, kwa sababu wanafunzi wako wamesoma habari za Königsberg ya Wajerumani iliyojificha Rufiji, lakini hawakuwahi kuelezwa habari za meli ya upande wa pili. Meli hiyo ni HMS Goliath ya Waingereza. Sitakujibu kwa mstari mmoja, kwa kuwa yaliyotokea hapa hayaeleweki vizuri mpaka mtu ajue kwanza ilikuwa meli ya namna gani.

Goliath ilianza kujengwa Chatham, Uingereza, Januari 1897, na ikaanza kazi Machi 1900. Ilikuwa moja kati ya manowari sita za aina ya Canopus, zilizobuniwa kwa ajili ya bahari za mashariki ya mbali, na kwa hiyo zilifanywa nyepesi kuliko zile zilizozitangulia ili ziweze kupita kwenye Mfereji wa Suez. Wepesi huo ni wa kulinganisha tu, maana uzito wake ulikuwa kiasi cha tani 13,000. Ilibeba mizinga minne mikubwa ya milimita 305, miwili mbele na miwili nyuma, pamoja na mizinga kumi na miwili ya milimita 152 ubavuni, na iliweza kwenda mwendo wa noti 18. Kazi yake ya kwanza ilikuwa China, wakati wa vita vya Mabondia, yaani uasi wa Wachina dhidi ya wageni, na ilikaa huko hadi 1903.

Mwaka 1906 ilitoka Dreadnought, manowari mpya ya Waingereza yenye mizinga kumi mikubwa na injini za tabo (turbini za mvuke), na tangu siku hiyo kila manowari ya kizazi cha Goliath ikahesabiwa kuwa imepitwa na wakati, hata kama rangi yake ilikuwa bado mpya. Miaka iliyofuata ilihamishwa kutoka kikosi kimoja hadi kingine, mhimili wa rafadha yake ukakatika ikiwa njiani kwenda Mediterania, na hatimaye ikawekwa kwenye akiba.

Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, vilivyoanza 1914, viliitoa humo. Baada ya kazi fupi kwenye pwani ya Ubelgiji, ilipelekwa kusindikiza meli za askari kutoka Bombay kwenda Ghuba ya Uajemi, kisha ikaelekezwa kwetu. Wakati huo Königsberg ilikuwa imekwisha kuizamisha meli ya kivita ya Waingereza, Pegasus, hapo Unguja, tarehe 20 Septemba, na kurudi kujificha kwenye mikoko ya delta ya Rufiji. Kwa mizinga, Goliath ingeimaliza Königsberg kwa muda mfupi sana. Lakini meli inayozama majini kiasi cha mita nane haiwezi kuyakaribia maji ya kina kifupi ya Rufiji, na kutoka kule mbali baharini makombora yake hayakuweza kufika. Wewe unayeyajua maji ya upande huo utalielewa jambo hili kuliko mimi. Kazi hiyo ilikuja kumalizwa Julai 1915 na Severn na Mersey, meli mbili bapa zilizotengenezwa kwa ajili ya mito.

Kwa hiyo manowari iliyoshindwa kuifikia meli ikageuziwa mji. Tarehe 28 Novemba 1914 Goliath ilifika nje ya bandari ya Dar es Salaam pamoja na kruza (meli ya kivita yenye kasi) Fox na vyombo vidogo viwili, Duplex na Helmuth. Ndani ya bandari kulikuwa na meli za Kijerumani, zikiwamo König, Feldmarschall na Tabora, na Waingereza walihofu kwamba zingetumika kuipelekea Königsberg mahitaji. Mji ulikuwa umepandisha bendera nyeupe. Mashua zikaingia chini ya Kamanda Henry Peel Ritchie wa Goliath, na watu wake wakaanza kuharibu injini za meli zile. Wajerumani waliona kuwa kilichokubaliwa kilikuwa ukaguzi, si uharibifu. Waingereza nao wakashikilia kuwa bendera nyeupe zilikuwa bado zinapepea walipoanza kupigwa risasi kutoka pande zote mbili za mlango wa bandari. Ritchie alijeruhiwa mara nane katika muda wa dakika ishirini na tano hivi, akatunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Waingereza. Siku hiyo na tena tarehe 30, Goliath iliupiga mji kwa mizinga yake, na Kasri la Gavana likabomolewa vibaya. Ikulu tunayoiona leo Waingereza waliijenga upya mahali pale pale baada ya vita.

Hapa, ndugu yangu, ndipo ninapoumia. Katika masimulizi niliyoyasoma, majeraha ya Ritchie yamehesabiwa moja moja, na ni haki yake, kwa kuwa alikuwa shujaa kweli. Lakini Wazaramo, Waarabu na Wahindi waliokuwa wakiishi mjini humu, ambao hawakuialika vita hiyo wala hawakuwa na la kusema kuhusu bendera, hawatajwi hata kwa sentensi moja. Ningependa wanafunzi wako wawatafute watu hao, na ikiwa huko kwenu wapo wazee waliosimuliwa habari hizo na babu zao, waulizeni mapema.

Baada ya matengenezo Simonstown, Afrika Kusini, meli ilirudi kwa muda mfupi na kubeba bendera ya Admirali King-Hall, yaani kuwa meli yake ya uongozi, kisha Machi 1915 ikaitwa Dardanelles, mlango wa bahari wa Uturuki. Tarehe 25 Aprili iliwasaidia kwa mizinga askari walioshuka Cape Helles, na yenyewe ikapigwa na mizinga ya Waturuki. Usiku wa kuamkia 13 Mei ilikuwa imetia nanga katika ghuba ya Morto, na ukungu ulikuwa mzito. Muavenet-i Milliye, manowari ndogo ya Waturuki isiyofikia hata tani elfu moja, chini ya Kapteni Ahmet Saffet akiwa pamoja na ofisa Mjerumani Rudolph Firle, ilinyemelea kando ya pwani, ikazipita meli za ulinzi bila kugunduliwa, na karibu na saa saba usiku ikarusha topedo tatu. Zote zilipiga. Goliath ililala ubavu na kupinduka kwa dakika chache tu, na mkondo wa maji wa mahali pale ukawachukua wengi waliokuwa wamejirusha. Walikufa watu 570 kati ya wapatao 700, na nahodha wao, Thomas Shelford, alikuwa miongoni mwao. Kabla ya mwezi huo kwisha, manowari nyingine mbili za kizazi hicho hicho, Triumph na Majestic, zilizamishwa na nyambizi moja ya Kijerumani kwenye pwani hiyo hiyo.

Ukitaka kulifundisha somo hili, anza na Rufiji, kwa kuwa vijana wako wanaweza kuyaona maji hayo kwa macho yao, kisha ndipo uwaeleze yaliyoupata mji huu. Nisalimie shemeji na watoto.

Nduguyo akupendaye,
Idrisa