Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Ufundishaji wa Magonjwa ya Akili kwa Wanafunzi wa Utabibu, Kigoma

Ndugu Makamu Mwenyekiti, Ndugu Katibu, Ndugu Mweka Hazina, wajumbe wa Kamati Tendaji na ndugu wanachama wote,

Kwa mujibu wa katiba yetu ninawasilisha kwenu taarifa ya shughuli za chama kwa mwaka ulioishia Desemba 2024. Safari hii nimeona niiandike yote na kumpelekea kila mwanachama, kwa sababu nikiisoma ukumbini watakaoisikia ni wale wale waliokuwa wakiifanya kazi pamoja nami, na wengine wataendelea kuzijua habari za chama chao kwa kuhadithiwa.

Shughuli za kawaida mnazifahamu, nami sitawachosha nazo. Wanafunzi 96 wa stashahada ya utabibu, pamoja na wachache wa shahada ya udaktari, walipita mikononi mwa wanachama wetu kwa mafunzo ya vitendo. Walisimamiwa wodini na kliniki, madaftari yao yalisahihishwa na mitihani ya vitendo ilifanyika mara mbili. Siku ya Afya ya Akili Duniani, tarehe 10 Oktoba, tuliiadhimisha kama ilivyo desturi, kwa maandamano mafupi na hotuba ndefu. Ziara ya mafunzo katika Hospitali ya Mirembe, Dodoma, haikufanyika kwa kukosa nauli. Rambirambi zilitolewa kwa wanachama wanne.

Lililo kubwa, na ambalo najua wengi wenu mmeruka aya zilizotangulia mkilitafuta, ni uamuzi wa mwezi wa Juni. Kwa uamuzi huo, fungu la semina yetu ya mwaka, ile ya siku mbili ukumbini, lilihamishiwa kwenye vipindi vidogo vya mafunzo, wanafunzi wanne au watano kwa kila kipindi, na watu waliowahi kuugua magonjwa ya akili na sasa wana nafuu wakaalikwa kuwafundisha wanafunzi, kwa kulipwa nauli na fidia ya muda wao. Nimeitwa majina kadhaa kwa ajili ya uamuzi huu. Naomba nieleze ulikotoka, kisha kila mmoja ahukumu.

Semina ile tuliifanya kwa miaka mingi, na sisemi kwamba haikuwa na faida yoyote. Lakini tuseme ukweli. Wanafunzi walijaa ukumbini, mtoa mada akaonyesha slaidi, ikaja chai, zikaja slaidi nyingine, na jioni watu wakasaini posho wakaondoka. Wodini nako tuliendelea na desturi yetu: mgonjwa mmoja kitandani, wanafunzi ishirini wamemzunguka, mkufunzi anamuuliza leo ni siku gani na rais wa nchi ni nani, na mgonjwa akikosea, wapo wanaocheka. Mimi mwenyewe nimefundisha hivyo kwa miaka, nalikiri hilo kabla halijasemwa na mwingine. Mwanafunzi aliyelelewa katika utaratibu huo hutoka akiwa na uwezo wa kutaja dalili zote za skizofrenia, ule ugonjwa mkubwa wa akili unaovuruga fikra na kumsikizisha mtu yasiyokuwapo, kwa mpangilio wa kitabu, lakini ukimwachia mgonjwa peke yake huandika mstari mmoja: "Mgonjwa amechanganyikiwa." Hiyo ndiyo historia, ndiyo uchunguzi, na ndiyo jina la ugonjwa.

Mwanzoni mwa mwaka, katika kituo ambacho sitakitaja, kijana mmoja aliletwa kwa mtumbwi kutoka vijiji vya kusini mwa ziwa, amefungwa kamba, anapiga kelele na kuwafukuza watu wasioonekana. Mwanafunzi wetu, tena mmoja wa waliopata alama za juu, aliandika saikosisi, yaani ugonjwa wa akili unaomtoa mtu katika uhalisia, na kuomba sindano ya kumtuliza. Hakuuliza hali ilianza lini. Angeuliza, ndugu wangemjibu kwamba siku tatu kabla kijana alikuwa mzima akivuta nyavu. Angemtazama kwa robo saa, angeona kwamba kuna dakika anaelewa na dakika anapotea, na kwamba mwili unachemka. Maradhi ya akili yenyewe kwa kawaida hayaleti homa, wala hayafifishi fahamu na kuirudisha namna hiyo. Ile ilikuwa deliriamu, yaani kuchanganyikiwa kwa ghafla kunakotokana na ugonjwa wa mwili, na katika mkoa kama wetu jambo la kwanza ni kupima malaria, sukari na maambukizi mengine kabla ya kuliandika jina lolote la ugonjwa wa akili. Kipimo cha malaria kilichukuliwa jioni, alipofika mwanachama wetu mmoja wa zamu. Kijana alipona. Lakini mimi nilirudi nyumbani nikijiuliza semina zetu zote zilikuwa zimemfundisha nini mwanafunzi yule.

Upande wa pili wa tatizo hauna kelele, na kwa hiyo hauonekani kabisa. Mtu mwenye sonona, yaani huzuni nzito ya kiugonjwa, hapa Kigoma haji kliniki akisema ana sonona. Neno hilo ni la mtihani. Huja akisema moyo unaenda mbio, kichwa hakitulii, usingizi umekata, mwili unawaka moto, au ana mawazo mengi. Hupewa dawa ya malaria, kisha ya vidonda vya tumbo, kisha vitamini, na mwezi unaofuata anarudi. Tuna dodoso la kupima sonona lenye maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, linalotoa alama kuanzia 0 hadi 27, ambapo 10 na kuendelea humtaka mhudumu aangalie kwa makini. Limetafsiriwa kwa Kiswahili na wanafunzi wote wanalijua kwa jina. Hata hivyo niliwaona wakilisoma mbele ya mgonjwa kama karani anayejaza fomu ya sensa, na wakifika kwenye swali la tisa, lile la kufikiria kujidhuru, wanalimeza au wanaliruka. Wakiulizwa kwa nini, husema wanaogopa kumpa mgonjwa wazo. Utafiti umekwisha kuonyesha kwamba kuuliza hakupandi wazo hilo, na wengi huona nafuu kuulizwa. Hili halifundishiki kwa slaidi. Hufundishika kwa mwanafunzi kumkabili mtu mmoja, kuuliza kwa sauti yake, kunyamaza, na kusubiri jibu.

Ndiyo maana nilisimama kidete. Katika kila kipindi mwanafunzi mmoja anazungumza na mgonjwa kwa nusu saa, wenzake wanasikiliza bila kuingilia, kisha wanaandika hali ya akili kwa ukamilifu: mwonekano, mwenendo, usemi, hisia, mtiririko wa mawazo, imani potofu, maruweruwe (kuona au kusikia yasiyokuwapo), kumbukumbu, na jinsi mtu mwenyewe anavyouelewa ugonjwa wake. Saa ya pili anaingia mwalimu wetu aliyewahi kuugua, naye huwasahihisha.

Nitoe mfano mmoja tu, kwa ridhaa ya mhusika. Mama mmoja muuza dagaa, ambaye miaka kadhaa iliyopita aliugua saikosisi baada ya kujifungua, alisomewa maandishi ya mwanafunzi kuhusu mgonjwa aliyekataa dawa. Mwanafunzi alikuwa ameandika kwamba mgonjwa huyo hajitambui kuwa anaumwa. Mama akacheka, akasema na yeye aliandikwa hivyo hivyo. Alijua vizuri kwamba anaumwa. Vidonge alivitema kwa sababu vilimkaza shingo, macho yakapanda juu, mikono ikawa migumu akashindwa kumfunga mtoto mgongoni, na mama mkwe akasema sasa shetani ameingia kweli. Wale vijana walikuwa wamekariri kwamba haloperidoli, dawa ya saikosisi, inaweza kukaza misuli na kwamba dawa nyingine, benzheksoli, huitibu hali hiyo. Siku hiyo ndipo walipoelewa kwamba mgonjwa asiyeambiwa habari hiyo mapema atakwenda kwa mganga wa kienyeji, na hatarudi. Nawauliza wanaosema kwamba mgonjwa hawezi kumfundisha msomi: ni nani kati yetu aliyewahi kulieleza somo hilo vizuri kuliko yeye?

Nimesikia pia hoja ya heshima na siri za wagonjwa, na hii naipokea kwa uzito unaostahili. Nchi yetu ina Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, na hata pasingekuwa na sheria, utu ungetosha. Kila mwalimu wetu huyu hutia saini ridhaa, awe amepita mwaka mzima bila ugonjwa kurudi, huja na ndugu anayemwamini, na simu za wanafunzi huachwa mlangoni. Mwanafunzi mmoja aliyethubutu kupiga picha alitolewa na chuo chake kikaarifiwa. Ni kweli kwamba katika kipindi cha Agosti mzungumzaji mmoja alizidiwa na simulizi yake, akalia, tukasitisha kipindi. Si kweli kwamba alikimbilia barabarani, kama ilivyosambazwa na watu ambao hawakuwapo. Nilimtembelea kesho yake mimi mwenyewe, kwa pikipiki yangu na mafuta yangu, na mwezi uliofuata aliomba kurudi.

Hoja ya tatu ni kwamba niliamua peke yangu. Ndugu wanachama, mkutano wa Machi ulihudhuriwa na watu 17 na ule wa Juni 11, ilhali akidi ni 29 kati ya wanachama 58. Katiba inasema kwamba akidi isipotimia katika mikutano miwili mfululizo, Kamati Tendaji inaweza kuamua jambo la dharura na kulitolea taarifa. Hivyo ndivyo tulivyofanya. Mkutano wa Septemba, baada ya kuenea habari kwamba posho imeondolewa, ulipata watu 31, wengine nikiwaona kwa mara ya kwanza tangu niuchukue uongozi, na nusu yao waliondoka kabla hatujafika kwenye taarifa ya mafunzo. Desemba tulirudi kuwa 14. Nafahamu zamu, misiba na mvua. Lakini katika kundi letu la WhatsApp wote 58 wapo, salamu za asubuhi hazikosi, na malalamiko dhidi ya Mwenyekiti hujibiwa kwa wepesi ambao ningetamani kuuona siku za mikutano.

Kuhusu fedha: ada ni shilingi 30,000 kwa mwaka, na waliolipa ni wanachama 21, yaani shilingi 630,000; wanadaiwa 37, jumla shilingi 1,110,000, mbali na 540,000 za mwaka uliotangulia. Salio la mwaka jana lilikuwa 410,000 na malipo ya usimamizi wa wanafunzi kutoka vyuoni 2,400,000, hivyo mapato yote ni 3,440,000. Vipindi vipya vilitumia 1,460,000 (walimu waliowahi kuugua 640,000, nauli za wakufunzi 520,000, uchapaji 300,000), usimamizi wa kawaida 1,290,000, ukumbi, benki na shajala 275,000. Jumla 3,025,000, na salio ni 415,000. Anayedhani kwamba katika hesabu hizi kuna mtu aliyenufaika aje akague vitabu. Na akija, alipe kwanza ada yake. Fotokopi za vipindi vitatu vya mwanzo nilizilipia mwenyewe na sijadai, ingawa risiti ninazo.

Kwa mwaka ujao ni matumaini yetu kwamba vipindi vitaendelea na ikiwezekana vitafika Kasulu na Kibondo. Tunatamani pia wanafunzi wapate muda katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyopo tangu 1996, ambako watajifunza kumsikiliza mtu aliyefiwa na aliyekimbia vita kupitia kwa mkalimani, jambo gumu kuliko wanavyodhani. Tutaangalia uwezekano wa kupata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya vituo visivyo na mabingwa, toleo la 2016, nakala moja kwa kila kituo cha mafunzo. Tunaamini pia kwamba wadau watajitokeza kuhusu dawa, maana hatuwezi kumfundisha mwanafunzi kwamba dawa ya sonona huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na kwamba inapasa kuendelea kwa miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kwisha, halafu kabati la dawa likawa tupu mwezi wa pili. Ziara ya Mirembe tutaijaribu tena, Mungu akipenda, kwa treni.

Mkutano mkuu utafanyika Jumamosi ya pili ya Februari, saa 4 asubuhi, ukumbi ule ule wa Mwanga. Uamuzi wa Juni nimeuweka kuwa ajenda ya kwanza, kabla ya chai, ili wanaotaka kuutengua wapate nafasi ya kufanya hivyo kwa kura. Wenye haki ya kupiga kura ni wasiodaiwa ada, na Mweka Hazina atakuwa mlangoni na kitabu cha stakabadhi kuanzia saa 3. Akidi ni 29.

Mwenyekiti,
Kigoma