Kitanda cha huko ni cha nani?

Mwanangu Kasia,

Ule mkataba uliouacha juu ya friji nimeusoma, na sikuupenda. Mshahara sina neno nao. Nauliza kimoja tu: kitanda utakacholalia huko Westland, Uholanzi, ni cha nani? Kodi ya chumba inakatwa kila wiki kwenye mshahara, na mwenye chumba ni wakala yuleyule anayekupa kazi. Siku wenye kitalu nyumba cha nyanya wakisema hawakuhitaji, kazi imekwenda na pa kulala pamekwenda.

Usiniambie Uholanzi kuna sheria. Serikali yao wenyewe ilimpa mwanasiasa wao, Emile Roemer, kazi ya kutazama hali ya vibarua wa kutoka nchi kama hii yetu ya Poland, na mwaka 2020 kamati yake ilishauri mkataba wa kazi utenganishwe na mkataba wa nyumba. Kama mambo yangekuwa shwari, wangeshauri nini?

Unasema msimamizi ni Mpolandi, nisiwe na wasiwasi. Kule Apulia, Italia, mwaka 2006 polisi waliwatoa zaidi ya Wapolandi 100 kwenye kambi za wachuma nyanya, walikofanyishwa kazi kama watumwa. Baadhi ya waliowasimamia walikuwa Wapolandi pia. Najua huendi Apulia. Lakini uliza kitanda ni cha nani.

Halafu wewe ni muuguzi! Kijiji kizima nimekitangazia. Cheti chako kinatambulika kote katika Umoja wa Ulaya. Kinachokuzuia kuingia kwenye BIG, rejista yao ya wauguzi na madaktari, ni Kiholanzi, na Kiholanzi hutakipata kwenye nyanya, ukiwa zamu nzima na wasichana wa Opole, wa hapa hapa Poland. Mama yako mdogo alikwenda Leeds mwaka 2004, Uingereza ilipotufungulia mlango, na shahada yake ya ualimu, eti atafunga sandwichi mwaka mmoja tu. Mpaka leo yuko ghalani, na Kiingereza chake ni cha ghalani. Usinitaje na mimi na kuvuna kwangu mboga za asparagasi kule Beelitz, Ujerumani. Mimi sikuwa na cheti, na Kijerumani nilichorudi nacho kilitosha kuomba kikapu kingine. Mwezi wa Mei, mimi nikiwa huko, nyumbani mlikula nini, sikuuliza.

Jiandikishe darasa la jioni wiki ya kwanza. Ya pili utakuwa umechoka.

Zile pesa za makaa ulizoficha chini ya kopo la sukari nimeziona. Zichukue, upange chumba chako mwenyewe, hata kikiwa ghali. Makaa yapo ya kutosha hadi Februari, na bomba la jiko mjomba wako ameshalisafisha, ingawa kanichafulia ukuta wote. Jemu ya plamu nimekuwekea makopo sita. Usiyagawe yote njiani.

Na bibi yako. Nimemwomba muuguzi wa zahanati awe anapita kumdunga sindano ya sukari, naye amenuna, hataki mkono mwingine ila wako. Mweleze mwenyewe kabla ya Jumapili, mimi hanisikii.

Mama yako